Masufuria Mazima ya Kampuni Iliyofilisika

Katika miaka yangu ya Marekani, nilifanya kazi ya kupokea na kupima vyombo vya umeme kwenye duka la mitumba linaloendeshwa kwa vitu vya kuchangiwa. Gari linasimama nyuma ya duka, mtu anafungua buti, anashusha blenda, pasi, mashine ya kahawa na boksi la vikombe, anapewa risiti ya kuombea punguzo la kodi, anaondoka. Mimi nabaki na mzigo. Kila chenye waya nakiweka mezani, nakichomeka, nasikiliza, nanusa, halafu naamua kama kinaenda kwenye rafu au kwenye pipa la chuma chakavu.

Matangazo humwambia mtu watu wananunua nini. Meza yangu iliniambia wanaacha nini, na wanakiacha kikiwa katika hali gani. Hilo la hali ndilo lenye habari. Chombo kikija waya umeungua na vitufe vimefutika maandishi, kimetumika mpaka basi. Kikija king'avu, kitabu cha maelekezo bado kimo ndani ya nailoni yake, ujue kimetolewa kwa sababu isiyohusiana na ubovu.

Nilikuta mitindo iliyonitangulia. Mashine za kuoka mkate, zilizoanza kutoka Japani mwishoni mwa miaka ya 1980, zilikuwa bado zinaletwa, nzito, nzima, unga mkavu umeganda pembeni. Grili zenye jina la bondia George Foreman hazikuisha. Grili ile ilitoka 1994, na mwaka 1999 kampuni iliyokuwa inaiuza, Salton, ilikubali kumlipa yule bondia dola milioni 137.5, fedha taslimu na hisa, ili iwe na haki ya kutumia jina lake daima. Zimeuzwa zaidi ya milioni 100. Salton yenyewe baadaye ilidhoofika, ikaunganishwa na kampuni nyingine, na leo ukimtajia mtu jina hilo atakuuliza ni nini. Grili lakini bado iko makabatini mwa watu.

Kilichonifanya nianze kufuatilia mambo haya hata nje ya saa za kazi ni sufuria moja ya presha, Instant Pot.

Asiyeijua: ni sufuria ya presha ya umeme, ndani ina bakuli la chuma kisichoshika kutu, kifuniko kina mpira wa silikoni na kijipini kinachopanda presha ikijaa. Chini kuna kichakataji kidogo na vihisio vinavyopima joto na presha, vinawasha na kuzima umeme vyenyewe. Unaweka maharage na maji, unafunga, unabonyeza, unaenda kuoga. Haipigi filimbi kama zile za jikoni kwa bibi, wala huhitaji kusimama karibu ukiwa na hofu kwamba kifuniko kitaruka.

Aliyeianzisha ni Robert Wang, mhandisi wa kompyuta wa Kanada aliyewahi kufanya kazi Nortel, kampuni ya mitambo ya simu. Mwaka 2009 yeye na wenzake walianza kuibuni karibu na Ottawa, naye akatia akiba yake ya takriban dola 350,000. Sufuria ya kwanza ikatoka 2010. Maduka makubwa hayakuwa na haja nayo, basi ikawekwa Amazon, duka la mtandaoni. Hawakuwa na fedha za matangazo ya televisheni. Walichofanya ni kuwatumia sufuria kama 200 wapishi, walimu wa mapishi na watu wanaoandika mapishi mtandaoni, wakawaacha wapike na waseme. Wang mwenyewe alijulikana kwa kusoma maoni ya wanunuzi, maelfu kwa maelfu, na toleo lililofuata lilikuwa linajibu malalamiko ya lililotangulia.

Hapo ndipo mtindo ulipoanzia, na sikuona ujanja ndani yake. Wanunuzi ndio waliokuwa wanafundishana. Kundi lao la Facebook lilipita watu milioni moja. Siku ya mauzo ya Prime mwaka 2018, Amazon iliuza sufuria 300,000 ndani ya saa 36. Wakati huo zilikuwa haziji mezani kwangu kabisa. Wateja wa mitumba waliulizia, nikawa nawajibu kwamba mwenye nayo haiachii.

Zilipoanza kuja, nilijifunza kuzipima. Unaanza kwa kutazama toleo, kwa sababu kampuni iliwahi kuwataka wanunuzi wayarudishe baadhi: mwaka 2018 kwa mfano iliita irudishwe aina iitwayo Gem 65, kama 104,000, zilizokuwa zinapata joto kupita kiasi na kuyeyuka kwa chini. Zikiletwa hizo, haziendi rafuni. Zilizobaki unazipima kwa maji. Unamimina vikombe vitatu, unafunga, unabonyeza dakika tano, unangoja uone kijipini kimepanda na mvuke hautoki pembeni. Ukitoka pembeni, mara nyingi tatizo ni mpira tu, na mpira ni wa bei ndogo. Mpira huo una tabia ya kushika harufu. Niliweza kusema nyumba fulani ilikuwa inapika nini hata kabla sijasoma chochote.

Katika kuzipima zote, zilizokuwa zimekufa kweli zilikuwa chache mno. Mwenzangu wa zamu, mzee Mkongo aliyekuwa fundi redio kwao, alizoea kugonga tumbo la sufuria kwa kidole na kuniuliza, "Dada, hawa watu wamechoka na nini? Sufuria ni nzima kabisa."

Nikawa nawauliza wenyewe wakishusha mizigo. Si kwa utafiti, ni mazungumzo ya kupokelea boksi. Majibu yalifanana. Kuna aliyepewa zawadi ya harusi na tayari alikuwa nayo. Kuna aliyehamia nyumba ndogo, kaunta haitoshi. Wengi walisema wamenunua kikaango cha hewa moto na wanahisi hawawezi kuweka vyote viwili. Na kuna waliosema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, kwamba haipiki haraka kama walivyoahidiwa.

Hao wa mwisho nawaelewa. Mapishi mengi ya mtandaoni yaliandika "dakika tano" au "dakika nane", na hizo ni dakika za presha peke yake. Sufuria ina muda wa kupata moto kabla, na ina muda wa kushusha mvuke baadaye. Dakika nane za kwenye karatasi ni nusu saa ya saa ya ukutani. Kwa mtu aliyekuwa anataka kupika matiti ya kuku, alichookoa ni kidogo, na kuku mwenyewe anatoka mlaini mno, hana rangi. Mimi nilichukua moja nyumbani kwa bei ya mfanyakazi, na kwangu hesabu ilikuwa nyingine kwa sababu napika maharage na makande. Ndani ya presha maji hupanda hadi kama nyuzi 115 badala ya 100, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayovunja maharage makavu. Yaliyokuwa yananichukua saa mbili jikoni, nikiongeza maji na kuangalia yasishike chini, yanaiva nikiwa nafua. Kwa mlaji wa maharage ile sufuria ni msaidizi. Kwa mlaji wa kuku wa kukaanga ni pambo zito, na wa aina hii ya pili ndio waliokuwa wengi kwenye foleni ya kuishusha.

Kwa hiyo niliamini, na bado naamini, kwamba kampuni iliuza sufuria zake kwa watu wengi kuliko wale ambao sufuria iliwafaa. Hilo si kosa kubwa. Mtindo ndivyo ulivyo. Watu hununua kwa sababu dada zao wamenunua. Baada ya miaka michache wanaoihitaji wanabaki nayo, wasioihitaji wanaileta kwangu, na ile wanayoileta inamfikia mtu wa tatu ambaye naye hatanunua mpya. Rafu yangu ilikuwa mshindani wa kiwanda kwa bidhaa ya kiwanda hichohicho.

Namba zilikuja kuthibitisha nilichokuwa nakiona. Mwaka 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani kwa ajili ya korona, mauzo ya masufuria ya umeme ya aina hii Marekani yalifika dola milioni 758. Mwaka 2022 yalikuwa milioni 344. Zaidi ya nusu imeyeyuka kwa miaka miwili. Na boksi za nyuma ya duka zilikuwa zinaongezeka.

Halafu Juni 12, 2023 zikaja habari kwamba Instant Brands, kampuni mama, imekwenda mahakamani Texas kuomba ulinzi dhidi ya wadai. Kazini siku hiyo kila mtu alikuwa na maelezo. Mmoja akasema sufuria ilikuwa mbovu, jambo ambalo meza yetu ilikuwa inalikanusha kila asubuhi. Mwingine akasema Wachina wameiga. Mzee Mkongo akasema, "Walikopa. Kampuni haifi kwa kuuza kidogo, inakufa kwa kudaiwa." Nilidhani anabahatisha. Nilipokwenda kusoma nikakuta amepiga penyewe.

Mwaka 2019 kampuni ya uwekezaji ya Cornell Capital iliunganisha Instant Pot na kampuni nyingine iliyokuwa tayari mikononi mwake, Corelle Brands, yenye majina ya Pyrex, Corelle na CorningWare. Mwaka 2021, mauzo ya korona yakiwa bado yana moto, kampuni ilichukua mkopo wa dola milioni 450. Mtu wa kawaida anafikiri fedha kama hizo zinakwenda kujenga kiwanda au kubuni chombo kipya. Milioni 245 kati yake walilipwa wenye kampuni. Ni sawa na mjomba kukopa kwa jina la mpwa, akaweka hela mfukoni, na marejesho akamwachia mpwa. Na kukopa ili kuwalipa wamiliki, peke yake, si kosa la kisheria. Ni desturi ya kawaida kabisa katika biashara ya aina hiyo, ina jina lake na mawakili wake.

Kilichofuata ni hesabu ya shule ya msingi. Kuanzia Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri, na kufikia Mei 2023 ilikuwa imepita asilimia 5. Mkopo uliochukuliwa wakati fedha ni rahisi ukawa unalipwa wakati fedha ni ghali. Usafirishaji wa makontena nao ulikuwa umepanda bei. Mauzo ya robo ya kwanza ya 2023 yalikuwa yameshuka kwa asilimia 21.9 yakilinganishwa na ya mwaka uliotangulia, na hiyo ilikuwa robo ya saba mfululizo ya kushuka. Kampuni yenyewe ilipotoa tamko ilitaja riba na masharti magumu ya mikopo. Madeni yalikuwa zaidi ya dola milioni 500.

Nikajaribu kuwaza kampuni ileile bila ule mkopo. Mauzo yangeshuka vilevile, maana korona ilikwisha na kila aliyetaka sufuria alikuwa nayo. Pengine wangepunguza wafanyakazi, wangerudi kuwa kampuni ya wastani ya kule Ottawa inayouza masufuria kwa wanaooa na wanaohama, pamoja na mipira na mabakuli ya ndani. Hakuna gazeti ambalo lingeandika. Kushuka kutoka kwenye mtindo hadi kwenye matumizi ya kawaida kungekuwa jambo la kuvumilika. Deni halikuwaachia nafasi ya kushuka taratibu, kwa kuwa lilipigiwa hesabu ya mwaka ambao kila mtu alikuwa amefungiwa ndani anapika.

Kwenye meza hiyohiyo nilikuwa na ushahidi wa upande wa pili. Bakuli za Pyrex zilikuwa zinaletwa mara moja moja, nyingi kutoka kwa familia zilizofiwa na bibi, na hazikumaliza asubuhi rafuni. Kuna wateja waliokuwa wanatungoja tufungue mlango kwa ajili ya zile za zamani zenye maua. Pyrex ni ya 1915, CorningWare ya 1958, sahani za Corelle za 1970. Vyombo visivyochakaa, na bado vimeuzwa kwa vizazi, kwa sababu watoto wanakua, wanaondoka, wanahitaji vyao, na bakuli zuri likianguka sakafuni linavunjika. Lakini hata hivyo, kampuni iliyokuwa inavitengeneza, wakati huo ikiitwa World Kitchen, nayo iliwahi kwenda mahakamani kuomba ulinzi mwaka 2002, nayo ikiwa imeelemewa na madeni. Wamiliki wamebadilika, jina la kampuni limebadilika, na mama wa watu anaendelea kuoka kwenye bakuli lake bila habari kwamba kuna mahali limekuwa kesi.

Nilipoyaona hayo niliacha kulisema jambo hili kama jambo moja. Kuna kufa kwa mtindo, kuna kufa kwa kampuni na kuna kufa kwa chombo, na kila kimoja kina siku yake. Instant Pot ilipoteza mtindo kama mwaka 2021, ikapoteza kampuni 2023, na chombo hakijafa. Juicero ilikuwa kinyume chake. Ile mashine ya juisi ya dola 699 ilitoka 2016 baada ya kukusanya kama dola milioni 120 za wawekezaji, kisha Aprili 2017 waandishi wa Bloomberg wakaonyesha kwamba pakiti zake za matunda zinakamulika kwa mikono mitupu. Kufikia Septemba mwaka huo ilikuwa imefungwa. Hapo kilichokufa kwanza ni chombo, kwa maana kilikuwa hakina kazi. Wafanyakazi wenzangu waliicheka Juicero na kuihurumia Instant Pot, na nadhani walikuwa na haki katika yote mawili.

Sasa napika vyakula vya shughuli, pilau, sambusa, maandazi, kwa ajili ya watu wetu wa Afrika Mashariki wanaoozesha na kuzika mbali na kwao. Ni biashara ndogo. Kutoka kwa Wang nilichukua zoea moja: malalamiko yanaandikwa kwenye daftari kwa maneno ya mlalamikaji mwenyewe, hata ya yule shangazi ambaye kila sherehe husema pilau haina iliki. Aliposema kwa mara nyingine nikaangalia daftari, nikaona watu wengine wawili wamesema hivyo kwa namna yao, nikaongeza iliki.

Na kulikuwa na msimu ambao oda ziliongezeka ghafla, harusi zilizoahirishwa wakati wa korona zikawa zinafungwa zote kwa pamoja. Benki iliniita yenyewe. Ndugu wakanishauri nikodi jiko kubwa, ninunue gari, niajiri. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ya marejesho kwa oda za mwezi mbovu, si za ule msimu, kwa sababu nilijua harusi zilizoahirishwa zina mwisho wake. Jiko kubwa halikutoshea katika hesabu hiyo. Friza lilitoshea. Nikakopa ya friza. Shemeji yangu alisema nina moyo wa panya, na huenda anao ukweli fulani; wenzangu wawili waliokodi majiko wakati ule bado wapo, mmoja anaendelea vizuri kuliko mimi.

Biashara ya vyombo vya umeme ya Instant Brands iliuzwa kwa Centre Lane Partners, na sufuria bado inatengenezwa na kuuzwa. Watu hunishangaa nikiwaambia hivyo, kwa sababu wengi walisikia "imefilisika" wakaelewa imetoweka. Mpwa wangu alinipigia kuniuliza kama anunue iliyotumika wakati kampuni imekufa. Nikamwambia atazame kama kamba ya umeme imekunjika, aitilie maji vikombe vitatu, aangalie kijipini, halafu anunue mpira mpya wa kifuniko, maana huo wa zamani utampa uji wenye harufu ya mchuzi wa mtu mwingine. Akaniuliza kama ina thamani ikiwa hapendi maharage. Nikamwambia hapana, anunue kikaango cha hewa moto.